Asali ya Manyoni, kibandiko cha Mlima Kilimanjaro: sheria inasemaje?

Mfungashaji wa Njiro (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi asome akitulia.

Nafungasha asali hapa Arusha. Mizinga yangu mwenyewe ni michache. Asali nyingi nainunua kwa ndoo kutoka Singida na Tabora kwa wafugaji ninaofahamiana nao, naichuja, naiacha itulie povu lipande, kisha naitia kwenye chupa. Hivi karibuni duka moja la zawadi hapa mjini lilikubali kuchukua mzigo wangu kwa sharti moja tu: nibadilishe kibandiko. Chao walishakichora. Mlima na theluji yake juu, tembo chini, katikati maandishi makubwa: ASALI YA KILIMANJARO. Nikawaambia asali hii imerinwa Manyoni, kule Singida. Nikajibiwa, "Mtalii anaijua Manyoni?" Nikakataa, nikarudi na mzigo wangu. Hazikupita siku nyingi nikakuta kwenye rafu ileile chupa za mfungashaji mwingine, mlima uleule na tembo yuleyule.

Imeniuma, na sababu siyo oda niliyoikosa. Yule mfugaji wa Manyoni amepanda miti kutundika mizinga, amedungwa, amesafirisha ndoo kwa lori usiku, halafu jina la kwao linafutwa ili mtu auze picha. Nikaamua nisome sheria kwa utulivu. Nawaletea nilichokipata, maana humu naona tunabishana tu "asali feki, asali orijino" bila kujua asali yenyewe imefafanuliwaje.

Kiwango kinachofuatwa duniani ni cha Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, namba CXS 12, cha mwaka 1981, kilichopitiwa upya kwa kina 2001. Afrika Mashariki tuna chetu, EAS 36. Hapa nyumbani msimamizi ni TBS, Shirika la Viwango, ambalo tangu 2019 limebeba pia kazi za usalama wa chakula zilizokuwa TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa. Upande wa ufugaji wenyewe kuna Sheria ya Ufugaji Nyuki ya 2002.

Codex inasema, kwa maneno yangu, kwamba asali ni kitu kitamu cha asili kinachotengenezwa na nyuki kutokana na mbochi wa mimea, yaani majimaji matamu ya maua, au majimaji yanayotoka kwenye mimea hai, au yanayotolewa na wadudu wanaofyonza mimea hiyo. Nyuki huyakusanya, huyabadilisha kwa kuyachanganya na vitu vya mwilini mwao, huyaweka, huyapunguza maji, huyahifadhi na kuyaacha ndani ya sega mpaka yaive.

Soma tena polepole uangalie kila tendo. Mtu anayewawekea nyuki beseni la maji ya sukari karibu na mzinga msimu wa mavuno amekwama kwenye chanzo, kwa sababu ile siyo mbochi. Nyuki wameibeba, wameiweka kwenye sega, na bado siyo asali. Anayerina masega mabichi ambayo nyuki hawajayaziba, kisha akakausha maji kwa mashine, amekwama kwenye kuiva. Ufafanuzi huo umefunga milango mingi kabla hujafika maabara.

Kisha vipimo. Maji yasizidi asilimia 20. Fruktosi na glukosi, zile sukari mbili kuu za asali, kwa pamoja zisipungue gramu 60 kwa kila gramu 100. Sukrosi, ile sukari ya kwenye chai, isizidi gramu 5, ingawa kuna maua machache yaliyopewa nafuu. Uchafu usioyeyuka kwenye maji usizidi gramu 0.1, na kwa asali iliyokamuliwa kwa kugandamiza masega wanaruhusu 0.5. Kuna pia HMF, kemikali inayoongezeka asali ikichemshwa au ikikaa mno kwenye joto: mwisho miligramu 40 kwa kilo, ila asali inayotamkwa kwamba imetoka nchi za joto inaruhusiwa mpaka 80. Sisi tumo kwenye hiyo 80, kwa hiyo kisingizio cha "jua la huku kali" kimeshahesabiwa.

Hairuhusiwi kuongeza chochote. Ukitia tangawizi au kitunguu saumu, hiyo ni bidhaa nyingine yenye asali ndani yake, na kibandiko kiseme hivyo. Chavua pia haitakiwi kuondolewa, isipokuwa pale isipoepukika unapotoa uchafu. Ukiichuja mpaka sehemu kubwa ya chavua ikatoka, lazima uandike kwamba imechujwa namna hiyo. Na chavua ndiyo inayomwezesha mtaalamu mwenye hadubini kusema asali hii nyuki waliitoa kwenye maua gani. Ukiiondoa yote, umefuta nyayo.

Sasa tufike kwenye jambo langu. Codex inaruhusu asali kuitwa kwa jina la eneo ikiwa tu imezalishwa yote ndani ya eneo hilo. Siyo nusu, siyo "imefungashiwa hapo". Na ukitaka kuiita kwa jina la ua, mathalani asali ya maua ya kahawa, iwe imetoka kwenye ua hilo yote au kwa sehemu kubwa, na ladha, vipimo na chavua viendane na hilo.

Kwa hiyo chupa ya "Asali ya Kilimanjaro" yenye asali ya Manyoni inaweza kuwa na asali safi kabisa na kibandiko cha uongo kwa wakati mmoja. Watu wengi hawaoni kosa hapo kwa sababu wanauliza swali moja tu: ina sukari au haina?

Msidhani ni udogo wetu. Umoja wa Ulaya una sheria yake ya asali ya 2001, na kwa zaidi ya miaka 20 iliruhusu chupa kuandikwa "mchanganyiko wa asali za ndani na nje ya Umoja", basi. Mnunuzi haambiwi ni China, Uturuki au Ukraine. Mwaka 2023 ikatoka ripoti ya watafiti wa Kamisheni yao: sampuli 320 zilizochukuliwa asali ikiingia kutoka nje, 147 zikashukiwa kuchakachuliwa. Mwaka 2024 wakabadilisha sheria. Kuanzia tarehe 14 Juni 2026 chupa yenye mchanganyiko inatakiwa itaje kila nchi na asilimia yake, inayochangia zaidi ikitangulia. Wao wenye pesa na maabara wamelazimika kurudi kwenye swali la msingi: imetoka wapi?

Naomba michango, hasa kwa wafugaji na wauzaji.

---

Kibosho Juu

Mkuu umegusa kidonda. Mimi asali yangu ni ya Mlima kweli, mizinga ipo kwenye kihamba, shamba la nyumbani, nyuki wanakula maua ya kahawa, parachichi na miti ya shambani. Navuna kidogo sana. Mashamba yenyewe yamegawanywa mpaka yamebaki vipande, sina pa kuweka mizinga hamsini. Nikienda dukani Moshi na chupa zangu chache naambiwa "hiyo tunayo tayari, tena kwa bei nafuu". Wanayo wapi? Kahawa yenyewe inachanua kwa muda mfupi tu, hiyo asali ya Mlima iliyojaa rafu mwaka mzima inatoka kwa nyuki gani?

---

Nyundo ya Unga Ltd

Tunapenda kujisumbua. Bia ina jina la Mlima, maji yana jina la Mlima, mabasi, shule, kila kitu. Kilimanjaro ni jina la biashara, halina mwenyewe. Na asali feki ipo njia rahisi: chovya njiti ya kiberiti, iwashe. Ikiwaka ni asali. Ikigoma ni sukari. Hamhitaji TBS.

---

Mfungashaji wa Njiro

Mkuu Nyundo, hoja yako ya bia nimeifikiria kabla sijaandika, ina uzito. Bia ikiitwa Kilimanjaro hakuna anayeamini shayiri yote imelimwa Marangu. Asali ni tofauti, mnunuzi analipia mahali. Ndiyo maana kiwango kikaweka sharti la eneo kwenye asali waziwazi. Unaweza kuiita kampuni yako jina lolote lililosajiliwa. Ila ukiweka "Asali ya" mbele ya jina la mahali, hapo umeeleza asili ya kilichomo, na unatakiwa uwe na ndoo zinazothibitisha. Wanaotaka kutumia jina la kampuni lenye Mlima waandike, uso uleule wa chupa na kwa herufi zinazosomeka: "Asali ya Manyoni, Singida". Nani atakuwa ameumia?

Ya kiberiti namwachia anayejua zaidi yangu.

---

Dada wa Maabara

Habarini. Nafanya kazi ya upimaji wa vyakula, kwa hiyo naomba niongelee kiberiti.

Njiti inagoma ikiwa imelowa. Unachopima pale ni wingi wa maji tu. Sirapu ya sukari ikichemshwa mpaka ikawa nzito, maji yake yako chini na njiti itawaka vizuri. Asali halali yenye maji asilimia 20 inaweza kuigomea. Tone kwenye glasi ya maji ni hivyohivyo, unapima uzito. Sisimizi nao wanaila asali bila tatizo, ni sukari kwao. Watu wametupa asali nzuri kwa sababu ya sisimizi.

Kinachomkamata mchakachuaji wa huku ni hiki. Miwa na mahindi hutengeneza sukari kwa njia tofauti na mimea mingi ambayo nyuki huitembelea. Tofauti hiyo inaacha alama kwenye uwiano wa aina mbili za kaboni. Maabara inapima uwiano huo kwenye asali nzima, kisha kwenye protini yake peke yake, na kulinganisha. Sukari ya miwa ikionekana kuzidi asilimia 7, asali hiyo inahesabika imechanganywa. Kwa kuwa huku kinachotiwa mara nyingi ni sukari ya dukani, ya miwa, kipimo hicho kinatufaa. Ulaya kinawashinda kwa sababu wachakachuaji wao wamehamia sirapu za mchele na viazisukari, ambazo kwa kipimo hiki zinafanana na maua. Ndipo wakaanza kutumia vipimo vingine vingi kwa pamoja.

Kipimo rahisi kwa mfungashaji ni refraktometa ya mkononi. Tone moja kwenye kioo, unatazama kwenye mwanga, unasoma maji. Ukiona 22 au 23, usifunge chupa, itachacha na kifuniko kitavimba.

Jambo moja ambalo mwanzisha uzi hakulitaja na mimi siwezi kuliacha. Asali isipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja, hata ya kulambishwa kidoleni. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulismi. Mtu mzima tumbo lake linazimudu, la mtoto mchanga haliwezi, na sumu yake inalegeza misuli mpaka pumzi. Asali safi kuliko zote inaweza kuwa nazo. Tuna mila ya kuwalambisha watoto wachanga, bibi zetu walifanya kwa mapenzi, ila tuiache. Mfungashaji, weka onyo hilo kwenye kibandiko.

---

Mfungashaji wa Njiro

Asante sana dada. Onyo lipo kwenye chupa zangu, ila kwa herufi ndogo nyuma. Chapa inayofuata nalileta mbele.

---

Mama Dorcas wa Kilombero

Wanangu mimi nauza asali soko la Kilombero na nina swali. Mwezi wa sita na wa saba baridi ikishika hapa Arusha, asali inaganda. Wateja wanarudisha chupa, wanasema mama umetuuzia sukari. Nalazimika kuichemsha kwenye sufuria iwe maji tena. Sasa mnasema kuchemsha ni kosa?

La pili, nauza kwenye chupa za maji, ya nusu lita na ya lita. Kibandiko sina. Je navunja sheria?

---

Mfungashaji wa Njiro

Shikamoo mama. Maswali yako ndiyo yanayotuhusu wengi.

Kuganda ni tabia ya asali. Glukosi yake inajitenga na kufanya chembe, baridi inaharakisha. Asali ya maua mengine inaganda upesi, nyingine inachelewa sana. Wateja wa Arusha wameaminishwa kinyume, kwamba ya kweli haigandi, na matokeo yake wauzaji waaminifu wanaadhibiwa kila Juni. Ukiitia kwenye sufuria inayochemka inarudi maji, ni kweli, lakini ile HMF inapanda, vimeng'enya vya nyuki vinakufa na harufu ya maua inaondoka. Codex inapima vimeng'enya pia, kwa hiyo inaweza kuanguka kwenye vipimo hata kama hukuongeza chochote. Fanya hivi: weka chupa kwenye beseni la maji ya vuguvugu ambayo mkono unayavumilia, kama nyuzi 40, acha taratibu, badilisha maji yakipoa. Inachukua muda mrefu, ndiyo. Au uza ikiwa imeganda na umweleze mteja.

Kuhusu kibandiko: chakula kilichofungashwa tayari kinatakiwa kionyeshe jina la bidhaa, uzito, jina na anwani ya mzalishaji au mfungashaji, nchi kilikotoka, namba ya toleo, tarehe na namna ya kuhifadhi. Orodha ya viambato hailazimiki kwa chakula chenye kiambato kimoja, na asali ni kimoja. Uzito andika kwa gramu au kilo. Asali ni nzito, lita moja ina takriban kilo 1.4, ndoo ya lita 20 inakaribia kilo 28. Ukinunua ndoo kwa kilo na kuuza kwa lita bila kupiga hesabu hii, mama, unaweza kuwa unajipunja mwaka mzima.

Chupa za maji zilizotumika ziache kabisa. Kwa kuanza, nenda ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, waeleze wewe ni mjasiriamali mdogo. Barua yao ya utambulisho ndiyo mlango wa kwenda TBS kuomba alama ya ubora kwa nafuu ya wajasiriamali wadogo. Ofisi ya kanda ya TBS iko hapahapa Arusha.

---

Mama Dorcas wa Kilombero

Marahaba mwanangu. Hiyo ya kilo na lita umenifungua macho. Nitakwenda SIDO na wenzangu wawili, peke yangu naogopa makaratasi.

---

Msafiri wa Tengeru

Naomba muongelee na vibandiko vya dawa. Juzi nimeona chupa imeandikwa inatibu kisukari, vidonda vya tumbo, presha na nguvu za kiume. Baba yangu ana kisukari, jirani alimletea chupa kama hiyo, mzee akawa anakunywa vijiko kila asubuhi badala ya kwenda kliniki.

---

Dada wa Maabara

Pole sana, na tafadhali mrudishe kliniki. Asali ni sukari kwa sehemu yake kubwa mno, karibu asilimia 80. Miongozo ya Codex kuhusu madai kwenye vyakula inakataza kuandika kwamba chakula kinakinga au kinatibu ugonjwa. Anayeandika hivyo juu ya asali amevunja kanuni hata kama asali yake ni ya kwanza kwa ubora. Maneno kama "asali mbichi" hayana ufafanuzi kwenye Codex, kila mtu anayatumia apendavyo. Hilo la kisukari si la kupuuzwa, kibandiko kile kinaweza kuua.

---

Mzee wa Mwika

Vijana, nimesoma yote, mnafanya kazi nzuri. Huku kwetu uchaggani tunao nyuki wadogo wasiouma. Tunawaweka kwenye magogo yaliyotobolewa, yanatundikwa chini ya paa la nyumba. Asali yao ni nyepesi, ina uchachu, mavuno ni kidogo na watu wanaifuata kutoka mjini. Kijana mmoja aliichukua akaipime, akarudi akaniambia imeshindwa, maji yamezidi, siyo asali. Baba yangu aliirina, babu yangu aliirina. Leo siyo asali?

---

Mfungashaji wa Njiro

Shikamoo mzee wangu. Asali yako haina kasoro. Kiwango ndicho hakikuandikwa kwa ajili yake.

Codex inazungumzia nyuki wa asali, na sheria ya Ulaya imewabana zaidi, inataja aina moja tu, *Apis mellifera*, ambao ni hawa nyuki wetu wakubwa wanaodunga. Nyuki wadogo hawakai kwenye sega la pembe sita, wanahifadhi asali kwenye vyungu vidogo vya nta na utomvu, na asali yao kwa maumbile ina maji mengi, mara nyingi asilimia 25 na kuendelea mpaka zaidi ya 30. Ukiipima kwa rula ya asilimia 20 itaanguka kila mara, hata iwe safi namna gani.

Wengine wamelitatua. Malaysia ina kiwango maalumu cha asali ya nyuki wasiouma, MS 2683 cha mwaka 2017. Argentina iliingiza asali ya aina moja ya nyuki wake wadogo kwenye kanuni zake za chakula mwaka 2019. Hawakulegeza kiwango cha asali ya kawaida. Waliandika kingine chenye mipaka yake ya maji, sukari na uchachu, na jina lake kwenye kibandiko.

Ni kazi inayowezekana hapa kwetu. Utafiti wa nyuki upo, TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, wana kituo chao hapa Njiro, na viwango vya TBS hupitia kamati za wataalamu na maoni ya wadau kabla ya kupitishwa. Wadau ni nyinyi mnaorina. Sampuli za vihamba vyenu, msimu hadi msimu, ndizo zitakazosema mpaka wa maji uwekwe wapi.

---

Kibosho Juu

Mzee wa Mwika, tuko jirani. Na mimi nina magogo ya nyuki wadogo. Tukipata wafugaji kadhaa kutoka Mwika, Marangu, Kibosho na Machame tukaandika barua moja, itasomwa. Kila mmoja alete sampuli yenye jina la kijiji na tarehe ya kurina. Dada wa Maabara, unaweza kutuelekeza kiasi cha kuchukua na namna ya kuhifadhi?

---

Dada wa Maabara

Naweza. Chupa ya kioo iliyooshwa na kukaushwa kabisa, gramu 250 zinatosha kwa vipimo vya msingi, weka mahali pa giza na baridi, ikiwezekana kwenye friji kwa sababu hii inachacha upesi. Msichanganye magogo mawili kwenye chupa moja. Msiikamue kwa mkono pamoja na majana (watoto wa nyuki) na chavua, toboeni vyungu vya asali tu na kuinyonya kwa bomba safi la sindano.

---

Mzee wa Mwika

Marahaba wanangu. Mimi ninayo magogo yaliyojaa, sijayagusa. Mpaka barua ipite, kwenye chupa niandike nini?

---

Mfungashaji wa Njiro

Andika ukweli wote, mzee: "Asali ya nyuki wadogo wasiouma, Mwika, Kilimanjaro". Chini yake uzito kwa gramu, jina na anwani yako, tarehe ya kurina, "hifadhi kwenye baridi", na lile onyo la mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Kabla hujaingiza dukani pitia ofisi ya TBS uwaonyeshe, na uwaulize kwa maandishi wanaiweka kundi gani. Jibu lao tutaliambatanisha kwenye barua ya akina Kibosho Juu.

Na hapo kwenye kibandiko chako mzee, Mlima uchore. Wewe unayo haki.